Ukoka Haukubali Chini ya Mwembe? Panda Mkonge Pori: Mwongozo Kamili kwa Wakazi wa Tabora

Kila mvua zikianza swali ni lile lile. Mtu amepanda ukoka chini ya mwembe, Desemba umeshika vizuri, ikifika Julai hakuna kitu, uwanja ni vumbi. Msimu unaofuata ananunua ukoka tena. Wengine wanaongeza maji, wengine samadi, wengine wanapunguza matawi ili jua lipenye. Vumbi linarudi pale pale.

Bidii haijakosekana. Chini ya mwembe mkubwa kuna shida mbili zinazokwenda pamoja: kivuli kizito mwaka mzima, na ukame unaoletwa na mwembe wenyewe, kwa sababu mizizi yake mingi ya kunyonya chakula iko juu juu na inawahi maji kabla ya mmea wowote mdogo. Ukoka unataka jua. Mimea mingi inayopenda kivuli inataka unyevu. Hapa unahitaji mmea unaovumilia kivuli na kiu, unaobaki kijani kuanzia Mei hadi Oktoba, na uliozoea ardhi ya Afrika Mashariki. Kwa Tabora, mimi nachagua mkonge pori.

Nakuomba ukubali jambo moja kabla ya kushika jembe: mmea huu ni wa polepole. Utafunika ardhi yako, lakini kwa misimu miwili hadi mitatu ya mvua.

## Unachohitaji

- Miche ya mkonge pori, aina fupi inayotambaa (idadi tutaihesabu hatua ya kwanza)
- Kisu kikali na panga
- Jembe dogo la mkono. Jembe kubwa na sululu viache ndani
- Kamba na vijiti vya kupimia
- Mboji au samadi iliyoiva kabisa, ndoo moja ya lita 20 kwa kila miche 40 hivi
- Jivu la kuni, baridi na kavu
- Majani makavu ya mwembe, magunia mawili au matatu
- Matawi yenye miiba, kama unafuga kuku
- Kopo la nusu lita la kumwagilia

Mbolea ya dukani haihitajiki. Samadi mbichi usiiguse kabisa, inaunguza na kuozesha.

### Kuutambua mkonge pori

Kitaalamu ni kundi la Sansevieria, ambalo wataalamu wa mimea sasa wameliunganisha na Dracaena. Jani ni gumu, nene, lina madoadoa au michirizi ya kijani kilichokolea na kilichofifia. Aina nyingi za kwetu zina ukingo mwembamba wa rangi ya kahawia inayoelekea nyekundu, na pembeni kabisa utando mweupe uliokauka. Halina meno kama shubiri. Halina mwiba mrefu mweusi nchani kama katani ya mashambani. Lichane kwa nguvu: utaona nyuzi nyeupe ndefu zinashikilia vipande viwili visiachane.

Ule wenye majani marefu yaliyosimama, kingo za njano, unaouzwa sana kwenye vitalu vya barabarani, asili yake ni Afrika Magharibi. Nao unavumilia kivuli, lakini umesimama wima na unaacha ardhi wazi katikati ya mashina. Kwa kazi ya kufunika ardhi tafuta aina fupi ambayo majani yake yanalala kidogo kuelekea nje na inatoa machipukizi pembeni.

Upate wapi? Anza kwa majirani. Viwanja vingi vya zamani, Ng'ambo, Kanyenye hata Isevya, havikosi kichaka cha mimea ya namna hii karibu na uzio, na mwenyewe mara nyingi anafurahi kupunguziwa. Vitalu vya miche ni chaguo la pili. Usiende kuchimba kwenye msitu wa hifadhi. Kuchukua mazao ya msitu huko bila kibali ni kosa kisheria, na vichaka hivyo vinashikilia udongo wa mahali pao kama unavyotaka vishike wako.

## Hatua ya 1: Pima, kisha anza padogo (Septemba)

Funga kamba kwenye shina la mwembe, chora duara la mita 1 kutoka shinani. Ndani ya duara hilo hupandi chochote. Hapo ndipo mizizi minene inapoanzia, na gome la mti linataka hewa kavu; udongo na majani mabichi vikilundikwa pale, gome linaoza.

Sasa chora duara la pili la mita 3. Eneo kati ya maduara hayo mawili ni kama mita za mraba 25. Miche ikiwa umbali wa sentimita 30, utahitaji karibu 280. Watu wengi wanavunjika moyo hapa, au wanaitawanya miche 60 waliyonayo kwenye eneo lote, mmoja huku mwingine kule. Ukifanya hivyo hutafunika kitu, magugu yatakuwahi.

Gawa duara vipande vinne, panda kipande kimoja mwaka huu. Miche 70 inatosha. Mwaka wa tatu kipande hicho chenyewe kitakupa miche ya vipande vingine. Anza na upande ambao maji ya mvua yanapita yakichukua udongo, ndio wenye haraka.

## Hatua ya 2: Weka ufagio chini

Tumelelewa kuona uwanja uliofagiwa asubuhi ndio uwanja safi, na karibu na nyumba sina ubishi na hilo. Lakini chini ya mwembe ufagio wa vijiti unaondoa udongo kidogo kidogo kila siku. Angalia mizizi iliyotokeza juu, imekuwa laini kwa kukanyagwa: udongo uliokuwa umeifunika umefagiwa, na uliobaki umeshindiliwa hadi maji yanateleza juu yake.

Kuanzia Septemba, kwenye kipande ulichopima, acha majani yaanguke yakae. Toa takataka za plastiki na vijiti vikubwa tu. Mvua ikija, maji yatakutana na majani kwanza kabla ya udongo, na sehemu ya juu itaanza kulegea.

## Hatua ya 3: Gawanya miche, kausha vidonda (wiki ya mwisho ya Oktoba)

Mkonge pori una shina nene linalotambaa chini ya udongo, mithili ya tunguu la tangawizi lililorefushwa. Hilo ndilo unaloligawanya.

Ng'oa kichaka kizima, kung'uta udongo, uone mahali machipukizi yanapoungana na mama yake. Kata kwa kisu kikali, kwa mkato mmoja. Kila kipande kiwe na majani yasiyopungua mawili au matatu, na sentimita 5 au zaidi za tunguu, lenye mizizi yake ikiwezekana. Kipande kisicho na tunguu si mche.

Paka jivu kavu kwenye kila kidonda, kisha panga miche kivulini, juu ya gunia, mahali pasiponyeshewa. Iache siku tano hadi saba. Usiimwagilie, usiifunike kwa nailoni.

Kwa nini? Kidonda kibichi kikiingia kwenye udongo wenye maji, ukungu na bakteria wanaingia hapo. Kikikauka kinajifunga. Miche mingi inayokufa Desemba na watu wakasema "udongo wetu haukubali" ilikuwa imeoza kuanzia kwenye kidonda.

Ishara kwamba iko tayari: gusa mahali ulipokata. Pamekuwa pagumu, pakavu, rangi imebadilika kuwa ya kahawia, kidole hakitoki na unyevu. Majani yanaweza kuwa yamenywea kidogo. Hiyo si hasara, mmea una akiba ya maji ndani ya jani.

Wanaouliza kuhusu kupanda vipande vya jani: inawezekana. Kata jani vipande vya sentimita 8 hadi 10, kausha vivyo hivyo, chomeka upande uliokuwa chini uingie chini, kwa sababu kikigeuzwa hakitoi mizizi. Lakini itachukua miezi kabla chipukizi halijaonekana. Fanya hivyo kwenye makopo pembeni kama akiba, usitegemee kwa kufunika ardhi.

## Hatua ya 4: Chimba vishimo, usilime

Hapa ndipo kazi inapoharibika zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Usilime chini ya mwembe. Jembe kubwa likipita litakata mamia ya mizizi myembamba kwa nusu saa, na mwembe utajibu kwa kukausha ncha za matawi au kudondosha matunda. Wala usilete matoroli ya udongo kutandaza juu. Kuinua udongo zaidi ya sentimita 5 hivi kunanyima mizizi hewa, na baada ya mwaka mmoja mizizi ya mwembe itakuwa imepanda ndani ya udongo ule mpya, umerudi ulikoanzia.

Unachimba kishimo kimoja kimoja kwa jembe la mkono, kina sentimita 10 hadi 12, upana wa ngumi mbili.

Ukikutana na mzizi mnene kuliko kidole gumba, acha, sogeza shimo. Usiukate, usiuchubue. Mizizi myembamba unaweza kuikata, lakini kwa kisu, si kwa kuivuta hadi ichanike. Ndiyo maana sipendi mistari iliyonyooka chini ya mti. Panda palipo na nafasi, ilimradi umbali wa wastani ubaki sentimita 25 hadi 30.

Changanya udongo uliotoka shimoni sehemu mbili, mboji sehemu moja. Sehemu kubwa ya mji wa Tabora na Sikonge udongo una mchanga wa kutosha, maji yanapita. Kama uko upande wa Igunga au sehemu za Nzega zenye udongo mweusi wa mbuga, mambo ni tofauti: udongo ule hushika maji na kuvimba. Changanya mchanga wa mtoni kiasi sawa na udongo, na kila mche uupande juu ya kituta kidogo cha urefu wa sentimita 5, ili maji yasituame shingoni.

Jaribu kabla ya kupanda: mwaga nusu lita ya maji kwenye shimo tupu. Yakiisha ndani ya dakika kumi, sawa. Yakibaki nusu saa, mche utaoza hapo hata ufanye nini.

## Hatua ya 5: Panda mvua ikishashika (Novemba)

Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Ukipanda mwanzoni unaupa mmea karibu miezi sita ya kutengeneza mizizi kabla ya kiangazi. Ukipanda Machi unaupa wiki chache tu.

Lakini usidanganywe na mvua ya kwanza. Manyunyu ya mwanzo yanaishia kwenye majani ya mwembe, uwanja wa jua unalowa na chini ya mti pamebaki pakavu. Chomeka kijiti chini ya mwembe wenyewe, si uwanjani, sentimita 10. Kikitoka na udongo ulioganda juu yake mpaka ncha, panda.

Weka mche, tunguu lifunikwe sentimita 2 au 3 tu, na shingo pale majani yanapoanzia iwe usawa wa udongo. Kuzamisha zaidi ili "usimame vizuri" ni kuuozesha. Usiposimama, uegemeze kwa jiwe dogo. Shindilia kwa vidole, si kwa kisigino.

Usimwagilie siku hiyo. Acha siku saba kama mvua yenyewe haijaja.

Kama una kuku, weka matawi ya miiba juu ya eneo lote siku hiyo hiyo. Kuku wanapenda udongo uliolegezwa na majani makavu kuliko kitu chochote uwanjani, na mche usio na mizizi wanaufukua kwa mpigo mmoja. Baada ya miezi miwili unaweza kuondoa miiba.

Ishara ya mafanikio: wiki ya tano au ya sita, shika jani la katikati uvute taratibu sana. Likigoma, mizizi imeshika. Likitoka lote mkononi, chini limelainika na lina harufu mbaya, hilo limeoza. Toa na udongo wake, acha shimo likauke kabla ya kujaza tena.

## Hatua ya 6: Tandaza majani

Tandaza majani makavu ya mwembe katikati ya miche, unene wa sentimita 3 hadi 5, ukiacha nafasi ya vidole vitatu kuzunguka kila shingo. Yanazuia matone mazito yanayodondoka kutoka matawini yasichimbe udongo, na yanapunguza magugu.

Usiyafikishe kwenye shina la mwembe wala kwenye ukuta wa nyumba. Mchwa wa Tabora hawahitaji kualikwa.

## Hatua ya 7: Maji kidogo, na kwa kusoma jani

Mmea huu unafungua vitundu vya majani yake usiku, hewa ikiwa imepoa, na kuvifunga mchana. Kwa hiyo hupoteza maji machache sana. Kivulini unatumia machache zaidi. Mtu anayeumwagilia kila jioni kama mchicha anauua kwa upendo.

Msimu wa mvua usimwagilie. Mvua ikikatika wiki tatu mfululizo Januari au Februari, toa nusu lita kwa kila mche mara moja.

Kiangazi cha kwanza, Mei hadi Oktoba, mwagilia nusu lita kwa mche kila baada ya wiki tatu, asubuhi, kwenye udongo, si juu ya majani. Maji yakikaa kwenye kikombe cha katikati yanaozesha chipukizi. Kiangazi cha pili, usimwagilie mpaka jani lenyewe liombe.

Jifunze kutofautisha kiu na kuoza, maana wengi wanavichanganya:

Kiu: jani limejikunja kwa urefu, lina mikunjo kama mifereji, lakini bado ni gumu na rangi yake ni ile ile. Mwagilia, baada ya siku kadhaa litajaa.

Kuoza: jani limekuwa la njano au kahawia yenye majimaji kuanzia chini, laini, linaanguka upande. Acha maji mara moja. Chimbua, kata sehemu iliyooza mpaka ufike kwenye nyama nyeupe au ya chungwa iliyo ngumu, paka jivu, kausha wiki nzima, panda mahali pengine.

Anayeona njano akaongeza maji anamaliza kazi iliyoanzwa na ukungu.

Na usikate ncha za majani zilizokauka ukitegemea zitaota. Jani lililokatwa ncha halirefuki tena. Kama ni baya sana, liondoe lote kutoka chini.

## Hatua ya 8: Palilia kwa mkono, jaza mapengo

Mwaka wa kwanza magugu ndiyo adui mkubwa. Kongwa, ile yenye maua madogo ya bluu inayotambaa wakati wa mvua, ing'oe na mashina yote uitupe mbali. Kila kipande kinachobaki juu ya udongo unyevu kinatoa mizizi. Usitumie jembe, utakata tunguu zinazotambaa chini.

Februari au Machi tafuta chipukizi la kwanza. Linatokea sentimita chache kutoka kwa mama, limechongoka, limejiviringisha, limebana kama penseli ya kijani inayosukuma majani makavu juu. Zungushia kokoto usije ukalikanyaga. Ukiona machipukizi matano kwenye kipande chenye miche 70, usisikitike. Msimu wa pili ndio yanatoka kwa wingi. Mwisho wa msimu wa pili nusu ya ardhi iwe imefichika, na mwisho wa wa tatu ukitazama kutoka barazani usione udongo.

## "Mwanangu, utatuletea nyoka"

Hili utaambiwa, na mama aliyesema ana haki ya kujibiwa kwa heshima. Nilivyomjibu jirani yangu mmoja ni hivi: "Shikamoo mama. Nyoka anafuata panya na vyura, na hao wanafuata takataka na maji yaliyotuama." Kichaka chochote kinene kinaweza kuficha mnyama. Kwa hiyo chagua aina fupi, acha mita 1.5 wazi kati ya mimea na nyumba, usipande kwenye njia ya chooni, na usiruhusu mtu kutupa mabaki ya chakula humo. Wakati wa kupalilia, pitisha fimbo kwanza kabla ya mkono.

Majani yana saponini, kemikali yenye ladha chungu inayoweza kusababisha kutapika. Wafundishe watoto wasitafune, na mbwa mdogo azuiwe. Mbuzi wafungwe mbali, hasa kiangazi, kwa faida yao na ya miche.

## Acha njia za kuokotea maembe

Jambo hili sijaona likisemwa, nalo ni muhimu kwa yeyote anayeuza au kula maembe yake. Embe lililoanguka likajificha kwenye majani linaoza, na ndani yake funza wa nzi wa matunda wanamaliza kukua, wanaingia ardhini, wanatoka nzi wapya kushambulia matunda yaliyobaki mtini. Nzi aina ya Bactrocera dorsalis ameenea nchini tangu miaka ya mwanzo ya 2000 na hasara yake kila mwenye mwembe anaijua.

Kwa hiyo kila kipande kiwe na njia mbili za upana wa sentimita 40, zitandazwe majani makavu au mawe bapa, ili mkono ufike kila kona bila kukanyaga miche. Msimu wa maembe okota kila siku mbili. Yaliyooza yafunge ndani ya mfuko mweusi wa plastiki wa kuwekea taka, uweke juani wiki moja au mbili ili funza wafe, kisha fukia.

## Mwaka wa tatu: chukua miche ya kipande kinachofuata

Oktoba ya mwaka wa tatu, palipobanana sana, ng'oa kichaka kimoja katika kila vitatu, kigawanye kama hatua ya tatu, kausha, panda kwenye robo inayofuata. Pengo ulilotoa litazibwa na majirani zake mvua zikishika. Usitoe zaidi ya theluthi kwa mwaka, ardhi isije ikafunuka tena kabla ya mvua kubwa za Desemba.

Usiku mmoja huenda ukaona bua limetoka katikati lenye maua meupe membamba yanayonukia. Liache. Likikauka likate chini. Mche uliotoa ua hauongezi majani mapya katikati, ila tunguu lake litaendelea kusukuma machipukizi pembeni.